Sebule ya Nyayo Kumi na Tisa

4 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na umeketi, maana nimeambiwa kusimama kumeanza kukupa shida.

Huku hatujambo, mimi na paka. Goti la kushoto limetulia tangu niache kupanda ngazi za mahakama kwa pupa. Tumeletewa hakimu mpya, kijana, anazungumza kama mtu anayewahi basi, na mimi ndiye karani ninayepaswa kuandika kila neno lake. Wiki iliyopita nilimwomba arudie hukumu. Alipoirudia ikawa fupi zaidi. Mshtakiwa alinishukuru kwa macho.

Sasa jambo lenyewe. Binti yako Mwalimu alinipigia simu Jumapili. Anasema ulianguka koridoni mwezi uliopita, ukakaa na mkono kwenye bandeji siku tisa, na hukumwambia mtu. Alijua kwa kuwa alifika bila taarifa akakukuta unafunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Ulimwambia kuna kigae kilichoinuka ndicho kilichokukwaza. Yeye anasema sakafu yote imekwisha: sebuleni saruji inabanduka vipande vipande, na jikoni chumvi ya bahari imepanda kutoka chini hadi mgeni anadhani umemwaga unga. Ametoa masharti mawili, kwa sauti ile anayotumia kutoa mtihani wa hesabu. Kwanza, sakafu iwe imetengenezwa ifikapo mwisho wa Agosti. Pili, usikae humo peke yako. La sivyo anakuchukua ukaishi kwake ghorofa ya nne, chumba kinachotazama maegesho ya magari.

Nakujua. Ghorofa ya nne utanyauka kwa kukosa mpita njia wa kubishana naye dirishani. Nyumba waliyotuachia wazazi ni nusu yako, nusu yangu. Mimi nitakapostaafu nitakuja kuishi humo, kwa hiyo miguu itakayoikanyaga ni yetu sote. Tuitengeneze. Nipimie vyumba kwa sentimita, urefu na upana, nikuchoree mpango. Huku kuna kiwanda kizuri cha vigae, na lori lao huteremka pwani kila mwezi. Wewe tafuta fundi.

Simu najua umeitia kwenye kopo la vifungo. Andika basi.

Mdogo wako,
Karani


19 Machi

Karani, dada yangu mdogo,

Marahaba. Nimeketi kama ulivyoagiza. Mkono umepona, na tangu lini mtu kuanguka mara moja ikawa habari ya kupigiana simu? Msalimie paka. Hakimu wako mwambie aje nimshonee joho lenye kola ya kubana, atapunguza kasi.

Mtaani ni wazima. Bibi Redio, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, amenunua redio ya pili kwa sababu ile ya kwanza haisikiki akiwa uani. Sasa kila habari naipata mara mbili, moja ikiifuata nyingine kwa nukta chache. Nikikosa neno mbele nalidaka nyuma.

Fundi nimempata. Jina lake la kuzaliwa hakuna alijuaye. Wote wanamwita Nusu Saa, kwa kuwa hakuna kazi ambayo hajaahidi kuimaliza kwa muda huo. Aliingia, akavua viatu bila kuambiwa, nikampenda papo hapo. Akapita chumba kwa chumba akigonga sakafu kwa mpini wa mwiko, sikio ameliinamisha.

"Mzee, sebule inaumwa," akasema. "Jiko nalo linaumwa. Korido haina neno."

"Korido ndiyo iliyoniangusha!"

"Korido hii? Basi ulianguka kwa sababu zako."

Nilitaka kumfukuza, lakini alikuwa ameshapiga magoti. Amebandika vipande vya nailoni sakafuni, kila chumba kimoja, kingo zake zote kaziziba kwa utepe wa gundi. Siku tatu baadaye akavifunua. Sebuleni na jikoni nailoni ilikuwa na matone kwa chini kama kioo cha bafuni. Koridoni ilikuwa kavu. Kwa hiyo unyevu upo, Mwalimu hakusema uongo. Nusu Saa anataka kuchimbua vyumba hivyo viwili, kushindilia kokoto, kutandika nailoni nzito, na kumwaga sakafu mpya juu yake. Anasema ni kazi ya nusu saa. Nimehesabu wiki tano.

Vipimo hivi hapa. Sebule ni nyayo kumi na tisa kwa kumi na nne na nusu. Jiko kumi na mbili kwa kumi na moja. Korido usiihangaikie.

Unastaafu lini hasa? Umesema "nitakapostaafu" kama mtu anayesema "mvua itakaponyesha."

Kaka yako


2 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Paka amepokea salamu. Goti limerudia ukorofi wake, hakimu bado anakimbia. Tulikuwa na shahidi aliyeulizwa alikuwa wapi siku ya wizi, akaeleza kwa dakika ishirini jinsi ya kufuga bata. Nilimwandika mpaka bata wa mwisho.

Nikuulize. Umewashonea suti watu wa mji mzima kwa miaka arobaini. Ulimrudishia bwana harusi suruali kwa sababu ilipotoka nusu sentimita ambayo yeye mwenyewe hakuiona. Tepu ilikaa shingoni mwako hata ukiwa mezani unakula. Leo unanipimia sebule kwa miguu, kama watoto wanaogawana uwanja wa mpira? Tepu iko wapi?

Kama imepotea, basi nipe urefu wa unyayo wako kwa sentimita, nitazidisha mwenyewe.

Mwalimu ametuma maoni yake. Anataka vigae vyeupe vinavyong'aa, aina moja, kuanzia mlango wa mbele hadi uani, na vizingiti vyote ving'olewe ili nyumba iwe uwanda mmoja. Nimeona ana hoja. Ni rahisi kufagia, na hakuna pa kujikwaa. Ndani ya bahasha nimeweka mchoro wangu, nimeuchora kwa penseli ili tuweze kufuta. Uangalie vizuri, hasa sebule, uniambie.

Mdogo wako,
Karani


21 Aprili

Karani,

Marahaba. Huku tu wazima, redio zote mbili zinakusalimu.

Mchoro wako nimeupokea. Mzuri sana! Nimeukalia asubuhi nzima. Sebule umeipanga vizuri kuliko nilivyotazamia, na mistari imenyooka, mtu atadhani umesomea. Nimeuhifadhi kabatini usije ukachafuka.

Unyayo wangu ni sentimita ishirini na sita na nusu. Si maneno yangu, ni ya fundi viatu wa kona, aliyenipima mwaka juzi na hajawahi kunibana.

Lakini hivyo vigae vyeupe, hapana. Nyeupe ni rangi ya zahanati. Halafu aina moja nyumba nzima ya nini? Mtu atajuaje yuko jikoni? Vizingiti navyo vimekaa pale miaka sitini bila kumkosea mtu. Na vigae vya koridoni, vile vya maua alivyovichagua mama, vikiguswa nahamia baharini. Isitoshe Nusu Saa anaumwa jino, saruji iliyopo dukani imeganda, na mwezi huu maji ya bahari yanapanda sana, si wakati wa kuchimba. Tusubiri.

Sijaona jibu la swali langu. Lini?

Kaka yako mwenye mguu wa ishirini na sita na nusu


30 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Paka mzima, goti zima. Salamu zimeishia hapo.

Jana nimefungua droo ya meza yangu kazini kutafuta stempu, nikaukuta mchoro wa nyumba yetu umelala chini ya kitabu cha risiti. Haujawahi kutoka kwenye droo. Nilichokutilia kwenye bahasha kwa makosa ni orodha ya kesi za Jumatatu, ile tunayobandika ubaoni. Sebule uliyoisifia ni kesi ya mbuzi aliyeingia dukani akala mashuka mawili. Ile mistari iliyonyooka ni majina ya mawakili.

Nimekaa mahakamani miaka thelathini na moja nikiandika maneno ya watu wanaokwepa swali, na bado ulinipita. Nimezitoa barua zako zote za mwaka huu na mwaka jana nikazipanga mezani. Mwaka jana ukurasa mmoja ulikuwa na mistari ishirini na sita. Ya Machi ina kumi na tisa. Ya Aprili ina kumi na mmoja, na herufi zake ni kubwa kama za kwenye kibao cha duka. Mstari wa mwisho umepanda juu ya ule uliotangulia.

Hivyo sikuulizi habari za sakafu. Tepu hujaipoteza, sivyo? Na kigae cha koridoni hakijainuka. Fundi aligonga akakwambia korido haina neno.

Unaona kiasi gani?

Karani


9 Juni

Mdogo wangu Karani,

Marahaba. Umeona mwandiko si wangu. Anayeandika ni Bibi Redio, mimi nasema, yeye anaandika, na ameapa hataongeza lake.

(Sikuapa. Nilisema nitajitahidi. Hujambo, mwanangu.)

Nimechelewa kukujibu wiki sita. Wiki ya kwanza nilikasirika. Ya pili nilicheka kwa ajili ya yule mbuzi. Zilizobaki nilikuwa natafuta uongo mwingine mzuri, sikuupata.

Jicho la kulia limekwisha tangu mwaka jana. La kushoto lipo, lakini ni kama natazama kwa tundu la kitasa: katikati naona, pembeni hakuna kitu, na hilo tundu nalo lina ukungu. Ni presha ya macho. Daktari amenipa matone, asubuhi na jioni. Kasema wazi kwamba kilichoondoka hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Siyakosi hata siku moja, huyo daktari ni mkweli. Barua zako nilikuwa nazisoma dirishani saa sita mchana kwa kioo cha kukuzia, mstari mmoja mmoja. Penseli siioni kabisa. Nilipogusa karatasi nyembamba yenye mistari ya kijivu nikasema ndiyo hiyo.

Koridoni nilijikwaa kwenye ndoo niliyoiweka mwenyewe. Nimeisingizia sakafu.

(Ndoo ilikuwa yangu. Nilikuja kuidai nikamkuta chini anabishana nayo.)

Sasa unisikilize. Ndani ya nyumba hii sihitaji macho. Koridoni vigae vya mama ni laini, na cha tatu kutoka jikoni kimemeguka kona. Jiko lina saruji ya kukwaruza. Sebule inalia chini ya kisigino. Kila kizingiti kinaniambia nimetoka wapi na naingia wapi. Nikiamka navua kandambili, miguu inasoma. Mkinitandikia vigae vya aina moja vinavyong'aa kuanzia mlango wa mbele hadi uani, mmenizimia taa. Ndiyo maana nilisema maji yanapanda.

(Na fundi hakuumwa jino. Nilimwona anatafuna muwa.)

Mwalimu akijua, nitakuwa ghorofa ya nne kabla chai haijapoa. Huko sakafu yote ni kioo. Nitakuwa mzigo wa kuongozwa kutoka kitandani hadi mezani na kurudishwa. Sitaki, Karani. Hapa najipikia, nabishana dirishani, na bado natia upindo kwa mkono vizuri kuliko vijana wenye mashine. Usimwambie.

Wewe nawe una lako. Nimekuuliza mara mbili unastaafu lini, na mara mbili umenipa habari za goti. Shahidi wa bata si mmoja.

(Hapo kakupata, mwanangu.)

Kaka yako


17 Juni

Kaka yangu, na Bibi Redio wangu,

Shikamooni nyote wawili.

Kwanza hukumu, kwa kuwa naijua kazi hiyo: korido imeachiwa huru. Sebule na jiko zina hatia ya unyevu, zichimbuliwe.

Pili, langu. Ofisi iliniomba nibaki miaka miwili zaidi na mimi nilikuwa nimeshakubali kwa mdomo. Hakuna aliyenishika mkono. Niliogopa kukaa bila kazi, na niliogopa kukwambia, kwa hiyo nikakuandikia habari za goti. Fomu ilikuwa mezani inasubiri sahihi. Leo nimeirudisha bila sahihi. Siku yangu ya mwisho kazini ni tarehe 22 Agosti. Tarehe 28 napanda basi na paka ndani ya kikapu. Sharti la pili la Mwalimu limetimia.

Tatu, Mwalimu. Sitamwambia. Utamwambia wewe, na utamwambia kabla sebule haijakauka. Yeye ametoa masharti bila kuwa na ushahidi wote, na hiyo si haki kwake.

Nne, sakafu. Mchoro wangu wa zamani nimeuchana. Mpya nimeuchora kwa kalamu ya wino mzito, na Bibi Redio atakusomea. Korido ibaki na vigae vya mama, visiguswe hata kimoja, hata kile kilichomeguka kona. Jikoni saruji mpya, na kabla haijashika fundi aiburuzie ufagio ili iwe na mistari. Mistari ielekee kwenye meko, mguu ujue mbele ni moto. Bafuni changarawe za mviringo. Sebuleni vigae vya rangi nyekundu iliyokolea, visivyong'aa, ili tundu lako la kitasa lisipigwe na mwanga. Vizingiti vibaki, ila fundi avichonge mgongo viwe vya mteremko.

Nimezidisha nyayo zako, na hesabu nimeikagua mara tatu. Sebule ni sentimita 503 na nusu kwa 384 na robo. Vigae vya sentimita thelathini: kumi na saba kwa kumi na tatu, jumla 221, na kumi vya akiba vikivunjika njiani. Vimeshapakiwa.

Karani wako


20 Julai

Karani,

Marahaba. Bibi Redio yuko kazini, kalamu mkononi, miwani puani, redio zimezimwa zote mbili kwa heshima yako.

(Moja. Nyingine nimeipunguza.)

Lori lilifika salama, vigae viwili tu vilivunjika. Sebule ilikuwa imeshachimbuliwa, ikashindiliwa, ikamwagwa, ikakauka. Nusu Saa akaanza kupanga kutoka katikati kwenda kando, nyuzi zimenyooka, pima maji haitikisiki. Siku ya pili jioni akaniita.

"Mzee, vigae vimekwisha."

"Kazi imekwisha?"

"Vigae ndivyo vilivyokwisha. Ukuta bado uko kule."

Tukapima kwa tepu yake. Chumba ni sentimita 551. Wewe ulisema 503. Nusu Saa akasema karani amekosea. Nikamwambia dada yangu hajawahi kukosea tangu azaliwe, na hilo ni tatizo la ukoo mzima. Bibi Redio akasema basi mshonaji amekosea. Nikamwambia mshonaji naye hajakosea. Tukaanza upya: nikapita sebule nikihesabu, nyayo kumi na tisa kamili. Nikapimwa mguu, ishirini na sita na nusu kamili.

Halafu Nusu Saa akaniangalia miguuni. "Mzee, siku ile ya kupima ulikuwa umevaa hizo?"

Nilikuwa nimevaa kandambili. Sakafu ilikuwa na unyevu, kifua kingenibana. Kandambili ni sentimita ishirini na tisa.

(Nimecheka hadi nikalazimika kushika ukuta. Miaka arobaini ya kupima watu!)

Kwa hiyo kati ya vigae na ukuta limebaki pengo, sentimita ishirini upande mmoja na kumi na tano upande wa pili, kuzunguka chumba chote. Kiwanda kinasema rangi ile haitoki tena hadi Oktoba. Nikajiona tayari ghorofa ya nne, natazama magari yakirudi kinyumenyume. Nusu Saa akakuna kichwa akasema zile changarawe za bafuni zimebaki magunia mawili. Akalijaza pengo saruji, akazipanga changarawe kwa kiganja, moja moja, akaziacha zimejitokeza kidogo.

Alipokwisha nikavua kandambili. Karani, huo mpaka ni barabara! Unyayo mmoja kwenye kigae, mmoja kwenye changarawe, nazunguka sebule nzima bila kugusa ukuta wala kiti. Mlangoni changarawe zinakatika kwa upana wa mlango. Hapo najua nimefika. Kama ningepatia kipimo nisingekuwa nao.

Sasa Mwalimu. Alikuja Jumamosi, bila taarifa kama kawaida yake. Nikamketisha, nikamwambia yote: jicho, matone, ndoo, mbuzi. Akaenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa visafi. Aliporudi akasema, "Baba, ghorofa ya nne kuna lifti."

"Nifunge macho," nikamwambia.

"Nini?"

"Chukua mtandio wako unifunge macho. Nizungushe mara tatu, niburute kokote humu ndani. Nikikosea ninapokuwa, nakwenda kufunga sanduku."

Akanifunga. Akanizungusha mara tano, hesabu za kwake hizo. Akanipitisha vizingiti kwa makusudi, mbele na nyuma.

"Upo wapi?"

"Koridoni. Cha tatu kutoka jikoni, kona imemeguka."

Akaniburuta tena. "Hapa?"

"Jikoni, meko yako mbele yangu. Usinisogeze zaidi, nitaungua na utajieleza kwa shangazi yako."

"Na hapa?"

"Sebuleni, changarawe zimekatika, mlango wa uani. Na Bibi Redio amesimama kushoto kwangu anazuia kicheko."

(Kweli. Na alinijua kwa kupumua.)

Alinizungusha robo saa nzima. Mwishowe akanifungua mtandio. Macho yake sikuyaona vizuri, lakini pua ilikuwa inavuta.

"Alama thelathini na nane kwa arobaini," akasema.

"Mbili zimekatwa wapi? Sikukosea hata mahali pamoja!"

"Zimekatwa kwa kuficha. Kliniki ijayo tunakwenda wote. Na tarehe 28 shangazi asipokuwa ndani ya basi hilo, mtihani unarudiwa."

Kimebaki chumba chako. Unataka sakafu gani?

Kaka yako, na kandambili zake


31 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kazini mapumzikoni, nikacheka hadi hakimu akatoka ofisini kwake kuuliza. Nikamsimulia. Kwa mara ya kwanza tangu aje alisikiliza kitu bila kuharakisha, kisha akaomba kuona hesabu. Amethibitisha kuwa karani hana kosa.

Mwalimu naye amenipigia. Alianza na tarehe ya basi, akamaliza na tarehe ya basi. Katikati alisema baba yake alikuwa akicheka wakati wote amefungwa macho, na hakumbuki mara ya mwisho alipomsikia hivyo. Halafu akaniuliza kama paka hulipiwa tiketi.

Chumba changu kiwekee mbao. Nimekaa miaka thelathini na moja kwenye sakafu ya saruji ya mahakama, goti linataka mbao. Na utakapopita usiku kutafuta maji, mbao zitalia. Nitajua ni wewe, na hutalazimika kuniita.

Nipimieni urefu na upana. Apime Nusu Saa, kwa tepu.

Karani


16 Agosti

(Mwanangu, hii kaandika kwa mkono wake mwenyewe. Imemchukua asubuhi mbili na karatasi nne. Mimi nimeandika anwani tu.)

Karani,

Chumba chako ni nyayo kumi na tatu kwa kumi na mbili.

Nimepima mwenyewe. Nusu Saa akapima baada yangu kwa tepu. Tumelingana.

Miguu mitupu.

Njoo.

Kaka